Nani Anayejikana? Viwakilishi vya Kujirejea na Swali la Nafsi

Viwakilishi vya kujirejea vya Kiingereza ni myself, yourself, himself, herself, itself, ourselves, yourselves na themselves, pamoja na oneself kwa mtu yeyote asiyetajwa. Kazi yao ya kwanza ni kuonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Mwanafunzi wa sekondari huko Minembwe, katika nyanda za juu za Fizi, Kivu ya Kusini, Kongo, anayeandika “Amani washed him” amesema kwamba Amani alimwosha mtu mwingine; akiandika “Amani washed himself”, Amani amejiosha. Silabi moja imebadili idadi ya watu waliomo katika tukio: kwanza walikuwa wawili, sasa ni mmoja.

Kazi ya pili ni kusisitiza. “The chief himself came” maana yake ni chifu mwenyewe alikuja, hakutuma mjumbe. Hapo himself si mtendwa, na sentensi inasimama hata likiondolewa. Kazi ya tatu inahitaji neno by: “by herself” ni peke yake, bila mwenzake au bila msaada. Kazi hizi mbili hazina utata mkubwa. Ile ya kwanza ndiyo iliyowashughulisha wanafalsafa na wanateolojia, kwa sababu inaelekea kusema jambo la ajabu: kwamba kiumbe kimoja kinaweza kusimama pande zote mbili za tendo moja.

Kanuni yake ni kali. Himself haliwezi kuanza sentensi likiwa kiima, wala haliwezi kumchukua mtu yeyote aliye mbali. Katika “Amani said that Byamungu saw himself”, aliyeonwa ni Byamungu tu; Amani, ingawa ametajwa kwanza, yuko nje ya kishazi. Mwanaisimu Mmarekani Noam Chomsky aliiweka kanuni hiyo katika nadharia yake ya mwaka 1981: kiwakilishi cha kujirejea lazima kifungwe na mtajwa aliye katika eneo lake la karibu. Kwa maneno mengine, himself halina mtu wake lenyewe. Hupewa mtu na kiima kilichotangulia, na kiima kikikosekana halisemi lolote. Jambo hili dogo la sarufi ndilo msingi wa yote yanayofuata.

Kiingereza hakikuwa hivi tangu mwanzo. Katika Kiingereza cha kale, neno la kawaida la “yeye” akiwa mtendwa lilitumika pia pale mtu alipojitenda, hivyo sentensi iliyosema fulani alimlinda iliweza kumaanisha alijilinda. Self lilikuwa neno la msisitizo tu, kama “mwenyewe”. Karne zilivyopita, msisitizo ukashikana na kiwakilishi, vikawa neno moja lenye kazi ya kuondoa utata. Alama za mshono huo zinaonekana hadi leo: myself na ourselves zimejengwa juu ya neno la umiliki, himself na themselves juu ya neno la mtendwa. Kwa Kiingereza, basi, nafsi yangu ni kitu ninachomiliki, lakini nafsi yake ni yeye. Hakuna mwanafalsafa aliyeamua hivyo. Ni ajali ya historia, na ni onyo la mapema kwa anayetaka kujenga elimu ya roho juu ya maumbo ya maneno.

Kiswahili kinafanya kazi hiyohiyo kwa kiambishi kimoja, -ji-, kinachokaa mahali pa mtendwa ndani ya kitenzi: ninajilinda, unajilinda, anajilinda, tunajilinda. Kinyamulenge, lugha ya Wanyamulenge wa nyanda hizo, iliyo karibu sana na Kinyarwanda na Kirundi, kina -i- mahali palepale: gukunda ni kupenda, kwikunda ni kujipenda. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya shule na ofisi huko Fizi, hutumia se mbele ya kitenzi kwa mtu wa tatu. Tofauti kubwa iko katika habari inayobebwa. Kiingereza hutaja upya nafsi, idadi na, kwa mtu wa tatu akiwa mmoja, jinsia pia. Kiambishi -ji- hakitaji chochote kati ya hivyo. Ni kilekile kwa mtoto, kwa kijiji na kwa taifa, na anayetaka kujua ni nani aliyejirudia hana budi kutazama kiambishi cha kiima.

Lugha hizi hazikubaliani pia kuhusu matendo yapi ni ya kujirudia. Mwingereza akisema “he hid” au “he washed”, haoni haja ya himself. Mswahili lazima aseme alijificha. Upande mwingine, “to learn” ni kitenzi cha kawaida kabisa, lakini Mswahili anajifunza, yaani anajipa mwenyewe mafunzo, hata kama mwalimu amesimama mbele yake. Mwanamke anapozaa, husemwa amejifungua, kwa heshima inayomfanya awe mtenda wa ukombozi wake. Penye madhara ndipo tofauti inapokuwa na uzito wa kimaadili. “I hurt myself” ni sentensi ya kawaida ya mtoto aliyejikwaa, wala haina lawama. Kwa Kiswahili mtoto huyo atasema nimeumia. Akisema nimejiumiza, amekiri kwamba mkono wake au uzembe wake umo. Kwa hiyo mtafsiri wa ushahidi mahakamani au kliniki anayeweka -ji- kila anapoona myself anaweza kumtwika mtu hatia ambayo hakuisema. Hili si jambo la nadharia kwa Wabembe na Wanyamulenge, majirani wa nyanda za juu za Fizi. Maelfu yao wamepita katika mahojiano ya wakimbizi, wengine wakiwa kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, wengine baada ya mauaji ya Gatumba nchini Burundi ya tarehe 13 Agosti 2004, na wengi wao wakaishia Marekani, ambako Kiingereza ndicho lugha ya maisha yao yaliyobaki.

Je, kuwepo kwa neno self kunathibitisha kwamba kuna kitu kinachoitwa nafsi? David Hume, katika kitabu chake cha mwaka 1739 kuhusu tabia ya mwanadamu, alijibu kwamba kila alipojitazama ndani alikuta joto au baridi, mwanga au kivuli, upendo au chuki, lakini hakumkuta mwenye kuyahisi hayo. Ernst Mach, mwanafizikia wa Austria, alisimulia jinsi alivyopanda gari la abiria akiwa mchovu, akamwona mtu akiingia upande wa pili, akamdharau moyoni kuwa ni mwalimu aliyechakaa. Upande ule palikuwa na kioo kikubwa. Kwa sarufi ya Kiingereza, “Mach saw himself” ni sentensi ya kweli kabisa. Lakini Mach hakujiona. Alimwona mtu ambaye kumbe ni yeye. Mwanafalsafa Héctor-Neri Castañeda, mzaliwa wa Guatemala, alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba hapa pana mambo mawili yasiyofanana: kumjua mtu ambaye ni wewe, na kujijua ukiwa mtu huyo. Himself peke yake halitenganishi mambo hayo. Linathibitisha kwamba aliyetazama na aliyetazamwa ni mmoja, na hapo linaishia. Halisemi kama mtazamaji alijua.

Afrika ya Kati ina mjadala wake maarufu kuhusu sarufi na falsafa. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alichapisha mwaka 1956 kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu na Kinyarwanda ya kuwako, akichambua ngeli za Kinyarwanda ili kupata aina nne za viumbe: umuntu (mtu), ikintu (kitu), ahantu (mahali) na ukuntu (namna). Alikuwa akijibu na kurekebisha kazi ya Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyeandika akiwa Katanga miaka ya 1940. Paulin Hountondji wa Benin aliwapinga wote wawili katika miaka ya 1970: sarufi ni mali ya kila msemaji, mjinga na mwerevu, ilhali falsafa ni hoja ya mtu anayewajibika kwa maneno yake na anayeweza kupingwa. Hountondji ana haki katika hili. Kutoka -ji- haiwezekani kuchota fundisho kwamba Waswahili huiona nafsi hivi au vile, kama ambavyo myself haiwafanyi Waingereza kuwa wamiliki wa roho zao. Hata hivyo Kagame aliona jambo ambalo mpinzani wake hakulipa uzito wa kutosha. Watu hufikiri swali likiwa tayari limevaa umbo la lugha yao, na anayelichunguza umbo hilo huliona swali vizuri zaidi, hata kama jibu litatoka kwingine.

Swali la kidini linaonyesha faida ya uchunguzi huo. Nyanda za juu za Itombwe na ukanda wa ziwa kutoka Baraka hadi Uvira ni nchi ya makanisa: CEPAC, iliyotokana na misheni ya Kipentekoste ya Sweden, CELPA, iliyotokana na ile ya Norway, Methodisti Huru wenye hospitali yao ya Nundu, Wakatoliki na wengineo. Katika mahubiri ya makanisa haya yote, kitenzi kujikana hakikosi. Kimetoka katika Injili, Marko 8, pale Yesu anapotaja masharti ya kumfuata. Mara nyingi hufafanuliwa kuwa ni kujinyima: kuacha pombe, kufunga, kutoa sadaka. Ufafanuzi huo ni dhaifu, na anayeudhihirisha udhaifu wake ni Petro.

Kitenzi cha Kigiriki katika Marko 8 ndicho kilekile kinachotumika katika Marko 14, pale Yesu anapomtabiria Petro kwamba atamkana kabla jogoo hajawika mara mbili. Kiswahili kimehifadhi uhusiano huo waziwazi. Petro alimkana Yesu, na mfuasi anaagizwa ajikane. Kilichobadilika ni kiambishi cha mtendwa tu, -m- kimetoka na -ji- kimeingia. Na kile Petro alichofanya uani kinajulikana. Hakujinyima kitu. Alisema hamjui mtu yule. Kujikana, kwa kipimo hicho, ni kumtazama mtu ambaye mfuasi alikuwa, pamoja na heshima yake, ukoo wake na madai yake, na kusema mbele ya mashahidi: simjui.

Hapo ndipo mantiki inapoleta shida. Petro aliweza kumkana Yesu kwa sababu walikuwa wawili. Katika kujikana, nani anasema simjui, na anamkana nani, ikiwa -ji- inasisitiza kwamba ni mmoja? Jibu moja la zamani ni kumgawa mtu mara mbili, nafsi ya juu inayoikana nafsi ya chini. Jibu hilo hurudisha watu wawili pale ambapo sarufi ilisema yupo mmoja, na kwa kawaida humfanya yule wa juu kuwa na kiburi kuliko aliyekanwa. Søren Kierkegaard alipendekeza njia nyingine mwaka 1849: nafsi si kitu kilicholala ndani kikisubiri kupendwa au kukanwa, ni uhusiano unaojihusisha na wenyewe, na ambao umewekwa na Mwingine. Kwa maelezo hayo kujirejea si tendo ambalo nafsi hulifanya mara mojamoja. Ndiko kuwa nafsi. Paulo, katika Wagalatia 2, anakwenda mbali zaidi. Hazungumzi tena juu ya mtendwa, anabadilisha kiima. Si mimi ninayeishi, anasema kwa maana, ni Kristo. Kanuni ya viwakilishi ilikwisha kusema kwamba anayetaka kubadili maana ya himself hapati kitu kwa kuligusa neno lenyewe. Lazima aguse kiima. Bila shaka Paulo hakuwa akifikiria sarufi, lakini hoja yake inakwenda njia hiyohiyo.

Amri ya kumpenda jirani nayo hutegemea kujirejea. Kiebrania cha Mambo ya Walawi 19 hakina neno la nafsi mahali hapo. Kina “kama wewe” tu. Kigiriki cha Injili kiliweka kiwakilishi cha kujirejea, na Kiswahili kikaweka nafsi. Augustino aliona kwamba hakuna amri iliyohitajika ya kumwagiza mtu ajipende, kwa kuwa kila mtu huanzia hapo. Kujipenda ni kipimo, si wajibu. Lakini kipimo hicho kinachukulia kwamba mtu anajua mipaka ya nafsi yake. Katika milima ya Fizi, mipaka hiyo ndiyo inayogombaniwa.

Ugomvi huanza na kitenzi kujiita. Kwa Kiswahili cha kila siku, “anaitwa daktari” ni habari, na “anajiita daktari” ni shaka. Kiingereza kina self-styled na Kifaransa kina soi-disant, zote mbili zikiwa na dharau ileile. Kwa miongo kadhaa wapinzani wa Wanyamulenge katika Kivu ya Kusini wamesema “wanaojiita Banyamulenge”, na -ji- hiyo imebeba hoja nzima ya kisiasa. Jina lenyewe maana yake ni watu wa Mulenge, mahali palipo milimani katika nchi ya Bafuliiru, tarafa ya Uvira. Lilienea hasa katika miaka ya 1960 na 1970, wafugaji wa nyanda za juu walipotaka kujitofautisha na wakimbizi waliotoka Rwanda kuanzia 1959. Bafuliiru wengi waliliona kuwa ni kudai mahali pa wengine kwa njia ya jina, na malalamiko hayo yanastahili kusikilizwa, kwa sababu katika Kongo jina la kabila huvuta nyuma yake madai ya ardhi na ya utawala wa kimila. Lakini shaka iliyomo katika kujiita haitoshi kuwa hoja. Hakuna jamii ambayo haikujiita wakati fulani, au haikukubali jina iliyoitwa na majirani. Swali halali ni kama jirani anaweza kuitika jina hilo, na hilo halijibiwi na kiambishi.

Karibu na kujiita kuna neno wenyewe, ambalo ni la msisitizo kama themselves lakini lina mzizi mwingine. -enyewe limetoka kwa -enye, kuwa na kitu. Ndiyo maana “shamba hili lina mwenyewe” humaanisha lina mmiliki, na wenyeji ni watu wa mahali. Themselves haliwezi kamwe kumaanisha wamiliki. Wenyewe linaweza, na mara nyingi maana mbili hutembea pamoja bila msemaji kukusudia. Serikali ya Kinshasa ilitoa amri mwaka 2013 iliyoifanya Minembwe kuwa komine ya mashambani. Mkuu wake alipotawazwa tarehe 28 Septemba 2020, nchi nzima iliingia katika mabishano. Wanyamulenge wengi waliona kwamba hatimaye watajitawala wenyewe. Wabembe, Bafuliiru na Banyindu wengi, majirani zao, waliona kwamba ardhi imechukuliwa kutoka kwa wenyewe. Tarehe 8 Oktoba, akiwa Goma, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba uamuzi huo umefutwa. Neno lilikuwa moja pande zote mbili. Mtajwa wake hakuwa mmoja.

Kujilinda ndicho kitenzi kizito kuliko vyote. Twirwaneho, jina la kundi lenye silaha la Wanyamulenge, ni sentensi kamili: tu- ni sisi, -i- ni kiambishi cha kujirejea, na kitenzi ni kupigana. Tujipiganie, kwa Kiingereza huandikwa “let us defend ourselves”. Makundi yenye silaha ya Mai-Mai ya Fizi na Uvira nayo hujieleza kuwa walinzi wa ardhi yao dhidi ya wavamizi. Tangu 2017 hasa, vijiji vingi vya nyanda za juu vimechomwa, vya Wanyamulenge na vya majirani zao, ng'ombe wameporwa kwa maelfu, na karibu kila shambulio limeelezwa na waliolifanya kuwa ni kujilinda. Wanateolojia wa Kikristo hawajawahi kukubaliana. Augustino hakumruhusu raia wa kawaida kuua ili kuokoa maisha yake; Thomas wa Aquino aliruhusu, mradi nia iwe kuokoka na nguvu isizidi haja; Wamennoni wamekataa silaha moja kwa moja. Swali lao, hata hivyo, mara nyingi lilianza na mtu mmoja aliyeshambuliwa, ambaye kiima chake hakina utata.

Kiima kikiwa “sisi”, mambo hubadilika. Ourselves huweza kusomeka kwa njia mbili, kama -ji- katika tulijilinda: kila mmoja alijilinda peke yake, au kundi lilijilinda kama mwili mmoja. Katika maana ya pili mtu aliyeuawa bondeni na mtu anayelipiza mlimani huhesabiwa nafsi moja, na mtoto wa upande wa pili huhesabiwa sehemu ya nafsi iliyoshambulia. Katika neno tujilinde, tena, Kiswahili hakiambii kama msikilizaji yumo ndani ya “sisi” au yuko nje, na Kiingereza hakiambii pia. Katika kitenzi-jina hali ni mbaya zaidi. “Haki ya kujilinda” na self-defence hazina kiima kabisa. Kila msomaji hujaza chake. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 ilikijaza kwa kutaja nchi wanachama, na hivyo ikaacha makundi ya milimani nje ya maandishi yake. Twirwaneho ilipotangaza Februari 2025 kwamba imeungana na waasi wa AFC/M23, kiima cha jina lake kilipanuka hadi kufikia muungano wenye malengo ya kitaifa, huku jina likibaki lilelile.

Kiswahili kina kiambishi kingine, -ana-, ambacho Kiingereza hukitafsiri kwa maneno mawili, each other. Walijilinda na walilindana ni sentensi tofauti: ya kwanza inawarudisha watenda kwao wenyewe, ya pili inahitaji angalau wawili, kila mmoja akiwa mtenda na mtendwa wa mwenzake. Wanaoanza kujifunza Kiingereza huchanganya mara nyingi, wakiandika “they love themselves” walipotaka kusema wanapendana. Masoko ya nyanda za juu, kabla ya kufungwa na vita, yaliendeshwa kwa -ana-: mfugaji Mnyamulenge aliuza maziwa na nyama, mkulima Mbembe au Mfuliiru aliuza mahindi na muhogo, na ng'ombe walipita mashamba ya majirani kwa makubaliano ya malisho yaliyolipiwa. Kisarufi, -ana- haiwezi kutumika na kiima cha mtu mmoja asiye na mwenzake; anapendana haikubaliki mpaka iongezwe “na” fulani, na fulani huyo lazima atajwe.